Dondoo la Fundi na Kikao cha Wataalamu: Maoni Kuhusu Lugha ya Maelezo Mafupi ya Kiufundi

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu mjadala wa istilahi za sayansi na teknolojia katika Kiswahili umekuwa mjadala wa vikao. Tumejiuliza ni nani aunde istilahi, atumie mbinu zipi, afuate vigezo gani, na chombo gani kizisanifishe. Maswali hayo ni ya msingi, na yamezaa kazi za kujivunia. Tunavyo vijitabu vya Tafsiri Sanifu vya Baraza la Kiswahili la Taifa, kamusi za masomo zilizotolewa na iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na kiongozi cha uundaji wa istilahi cha Tumbo-Masabo na Mwansoko cha mwaka 1992, ambacho wengi wetu tulisomeshwa na sasa tunakisomesha. Hata hivyo, lipo swali moja ambalo halijapewa uzito unaostahili: istilahi ikishatoka kikaoni, huenda kuishi wapi?

Makala haya yanatoa maoni kwamba, katika uwanja wa kompyuta, istilahi huishi au hufa ndani ya maandishi ambayo sisi wanaisimu hatujawahi kuyahesabu kuwa maandishi. Nayo ni maelezo mafupi ya kiufundi ambayo waandaaji programu na wakaguzi wa usalama wa mifumo huandikiana wakiwa kazini: mistari miwili mitatu ya msimbo, namna ya kurekebisha hitilafu fulani, onyo kuhusu mwanya uliogunduliwa, au hatua za kufuata pindi mfumo unapogoma. Tunadai kwamba maandishi hayo yanastahili kukusanywa, kuchambuliwa na kufundishwa, na kwamba kuchelewa kufanya hivyo kuna gharama inayolipwa na watu ambao hawajawahi kusikia neno istilahi.

2.0 Dondoo kama utanzu wa maarifa

Maelezo mafupi ya aina hii tutayaita madondoo ya kiufundi. Neno dondoo limezoeleka katika majarida yetu kwa maana ya sehemu ya maandishi iliyochukuliwa kutoka mahali pengine. Asili yake ni kitenzi dondoa, yaani kuokota kitu kimoja kimoja, kama afanyavyo kuku anapookota punje za nafaka. Maana hiyo ya asili inafaa sana hapa. Fundi hasomi kitabu kizima anapokwama. Huokota punje moja inayomtosha kwa saa hiyo, na akipata punje mpya humwachia mwenzake. Haba na haba hujaza kibaba.

Isidhaniwe kwamba utanzu huu ni mdogo kwa sababu maandishi yake ni mafupi. Misingi ya mawasiliano ya intaneti yenyewe iliwekwa kwa madondoo. Tarehe 7 Aprili 1969, Steve Crocker, aliyekuwa bado mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, alitoa waraka mfupi wa kwanza katika mfululizo ulioitwa Maombi ya Maoni. Jina hilo lilichaguliwa kwa unyenyekevu, kwani vijana wale hawakutaka kuonekana kama watu wanaotoa amri. Katika waraka wa 3 wa mwaka huohuo wenzao walihimizwa waandike mapema, hata kama wazo halijakamilika, kuliko kungoja mpaka maandishi yawe yamesuguliwa yakang'aa. Mfululizo huo umeendelea hadi leo, nyaraka zake zimepita 9,000, na sehemu kubwa ya kanuni zinazouendesha mtandao zimo humo.

Wala isidhaniwe kwamba desturi hii ni ngeni katika Bahari ya Hindi. Mnamo mwaka 1490 hivi, nahodha Ahmad ibn Majid wa Julfar, aliyezijua njia za bahari za mwambao wetu hadi Sofala, alikamilisha kitabu kikubwa cha elimu ya bahari. Jina la kitabu hicho huanza na neno fawaid, ambalo ni wingi wa faida katika Kiarabu. Na faida hiyo ndiyo hii hii tuliyonayo katika Kiswahili. Ndani yake mna habari za nyota, pepo, alama za pwani na majira ya kusafiri. Kwa maneno mengine, ni mkusanyiko wa mambo yafaayo, uliowekwa na fundi kwa ajili ya mafundi watakaomfuata. Yeyote anayeona maelezo mafupi ya kazi kuwa si elimu, na aanze kwa kumnyang'anya ibn Majid elimu yake.

3.0 Daftari la vijana wa Kunduchi

Mwandishi wa makala haya anaishi Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, si mbali na soko la samaki. Lililomfikisha katika mada hii ni hasara. Miaka kadhaa iliyopita, ofisi moja aliyokuwa akishirikiana nayo ilipokea karatasi yenye amri tatu za kusafisha diski ya kompyuta. Karatasi ilikuwa kwa Kiingereza, haina tarehe, haina onyo, wala haisemi imekusudiwa kompyuta ya aina gani. Karani alizinakili amri zile herufi kwa herufi, kama alivyoagizwa. Amri ya tatu ilifuta miezi minane ya sauti za wavuvi zilizorekodiwa kwa ajili ya utafiti wa msamiati wa bahari. Baadhi ya wazee waliozungumza katika kanda zile walikuwa wamekwisha kufariki dunia.

Jirani na mwandishi kuna vijana watano wanaoandaa programu na kukagua usalama wa mifumo kwa wateja wa mjini. Aliwapelekea kompyuta ile, nao wakaokoa karibu theluthi moja ya sauti zilizopotea. Mmoja wao aliisoma karatasi ya amri, akairudisha na kusema: "Mwalimu, aliyeandika hii aliijua kazi, ila hakumjua atakayeisoma." Kwa mwanaisimu, maneno hayo ni mhadhara mzima wa pragmatiki.

Baadaye vijana hao walimwonyesha mwandishi daftari lao la pamoja, ambalo nusu yake imo katika karatasi na nusu imo katika kompyuta. Yeyote anayetatua tatizo huandika dondoo, na yeyote anayelitumia akakuta limepungua huongeza mstari. Kwa ruhusa yao tunanukuu moja:

"Diski ikijaa, seva hugoma. Usifute kitu. Kwanza angalia ni folda gani imevimba. Mara nyingi ni kumbukumbu za mfumo. Zihamishe, kisha washa upya. Ukikosea njia ya faili, utafuta kwingine. Nilifuta, nikajuta. Nimejaribu mwezi Machi kwenye toleo la zamani. Toleo jipya sijui."

Tulitazame dondoo hili kwa jicho la isimu. Sentensi ya kwanza inatumia -ki- ya masharti ikifuatiwa na hu- ya mazoea, kwa hiyo msomaji anapata kwa pamoja sharti na kanuni ya jumla. Ya pili ni katazo. Kisha zinafuata amri zilizopangwa kwa kwanza na kisha, ambazo zinaonyesha mfuatano wa hatua. Baada yake linarudi -ki- pamoja na -ta-, yaani sharti na matokeo ya baadaye, na hili ndilo onyo. Ushahidi unatolewa kwa -li- na -ka-, yaani tendo lililokwisha kutokea na lile lililolifuata. Mwisho kuna mipaka ya maarifa yenyewe: muda, toleo, na neno moja la kiungwana, sijui. Ndani ya maneno yasiyozidi 40, kijana ambaye hajawahi kuhudhuria somo la sarufi ametumia karibu mfumo mzima wa njeo na dhamira za Kiswahili, kila kiambishi kikiwa na kazi ya kiufundi.

Linganisha na namna ambavyo maelezo kama hayo hutokea yanapofasiriwa maofisini: "Ufutaji wa faili haupendekezwi katika tukio la ujaaji wa diski." Sentensi hiyo haina kosa la kisarufi. Lakini mtendaji ametoweka, wakati umetoweka, mfuatano umetoweka, na vitenzi vyote vyenye uhai vimegeuzwa kuwa nomino. Hicho ni Kiingereza cha ofisini kilichovishwa kanzu. Msomaji wake hajui afanye nini kwanza, wala hajui nini kitampata akikaidi.

Tunalolisisitiza hapa ni kwamba tatizo la Kiswahili cha kiufundi halimo katika msamiati peke yake. Limo pia katika sintaksia na mtindo, na suluhisho la upande huo tayari lipo barazani mwa mafundi. Seva na folda katika dondoo lile ni maneno ya mkopo. Hayakumzuia mwandishi wake kusema Kiswahili safi.

4.0 Istilahi zizaliwazo kazini

Historia fupi ya istilahi za kompyuta inatufundisha kwamba uhalali wa kikao hautoshi. Ngamizi lilipendekezwa likabaki katika kumbukumbu za wataalamu. Tarakilishi limepata makao nchini Kenya, hasa shuleni. Tanzania watu wanasema kompyuta, nao hawana dalili ya kubadilika. Nywila limeenea katika maandishi na kwenye skrini, ilhali mtaani husikika neno la siri na paswedi. Kwa upande mwingine, namba ya siri, salio, wakala na muamala ni maneno yaliyoshika kila kona tangu huduma za kutuma fedha kwa simu zilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Maneno yenyewe mengi yalikuwapo zamani. Kilichoyapa maana mpya ni matumizi ya kila siku, si tangazo.

Madondoo ya mafundi yanatuonyesha mchakato huohuo ukiwa bado jikoni. Tutoe mifano mitatu. Kwanza ni kiraka. Hili ni neno la kila nyumba, kwa maana ya kipande cha kitambaa kinachoshonewa palipochanika. Mafundi wanalitumia kwa marekebisho madogo yanayotolewa ili kuziba kasoro katika programu, na limenyambulika bila taabu: kutia kiraka, kuweka viraka, mfumo usio na kiraka. Limekidhi vigezo vyote tunavyovifundisha, yaani uangavu, uwekevu, uzalishaji na kukubalika, na hakuna aliyelipigia kura.

Mfano wa pili ni wa mgongano. Vijana wengi hutohoa neno la Kiingereza wakapata kodi. Neno hilo linagongana na kodi ya nyumba na kodi ya mapato. Mwandishi amesoma dondoo linaloanza kwa maneno "usilipie kodi ya mtu usiyemjua", akadhani ni ushauri wa upangaji. Hapa wataalamu wanalo la kusema: msimbo lipo tayari, halina mgongano, na linazaa misimbo bila tatizo. Lakini litashinda tu likitangulia kuwafikia waandishi wa madondoo kabla kodi halijaota mizizi.

Mfano wa tatu ni tafsiri sisisi. Wapo wanaoandika ukuta wa moto kwa ajili ya kizuizi kinachochuja mawasiliano yanayoingia na kutoka katika mtandao wa ofisi. Neno la Kiingereza lililofasiriwa lilitokana na ukuta unaojengwa kati ya vyumba ili moto usivuke. Kiswahili kimepindua maana: msomaji anapata picha ya ukuta unaowaka. Katika daftari la Kunduchi tulikuta ngome, na mahali pengine mlango wa ukaguzi. Hatusemi kwamba mojawapo ndilo sahihi. Tunasema kwamba mtaalamu wa istilahi aliyeyaona yote matatu yakiwa katika sentensi za kazi atafanya uamuzi bora kuliko aliyeona orodha tupu.

Tunao pia mfano wa mradi mkubwa uliolenga vizuri. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye kiolesura cha Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kishujaa, na ilithibitisha kwamba lugha yetu inaweza. Pamoja na hayo, kiolesura ni mlango tu. Mtumiaji aliyebonyeza faili na hariri kwa Kiswahili, alipokwama alilazimika kutafuta msaada kwa Kiingereza, kwa kuwa hapakuwapo hazina ya madondoo ya Kiswahili ya kumwokoa. Tuliandaa maneno ya kuzungumza na mashine, tukasahau maneno ya mafundi kuzungumza wao kwa wao.

5.0 Ulaghai kwa Kiswahili, kinga kwa Kiingereza

Hadi hapa msomaji anaweza kusema kwamba suala hili ni la fahari ya lugha tu. La hasha. Katika uwanja wa usalama, suala hili ni la mali za watu.

Hakuna mtu mzima Tanzania ambaye hajapokea, au hajasimuliwa, ujumbe wa simu unaosema: "Ile hela itume kwenye namba hii." Kiisimu, ujumbe huo ni kazi ya mtu aliyeimudu lugha. Kionyeshi ile kinarejelea jambo ambalo msemaji na msikilizaji tayari wanalijua. Tapeli hatoi maelezo yoyote; anamfanya mpokeaji mwenyewe atafute akilini mwake ni hela ipi. Mzazi anayetarajia kutuma ada, au mfanyabiashara anayedaiwa, hujaza pengo hilo mara moja. Kosa la kisarufi lingemshtua. Ujumbe hauna kosa.

Sasa tuulize: kinga imeandikwa kwa lugha gani? Desemba 2021 kulitangazwa hadharani mwanya mkubwa katika Log4j, kipande cha programu kinachotumiwa kuweka kumbukumbu katika mifumo mingi duniani. Ndani ya saa chache mafundi wa kila bara walikuwa wakipeana madondoo: namna ya kuchunguza kama mfumo umeathirika, mpangilio upi wa kubadilisha, na kiraka kipi cha kuweka. Kiraka cha kwanza kilionekana kuwa na upungufu, kikafuatwa na cha pili na cha tatu katika muda wa siku chache. Aliyelisoma dondoo la siku ya kwanza bila kuangalia tarehe alibaki wazi huku akiamini amejikinga. Fundi anayesoma Kiingereza kwa kukisia alikuwa katika hatari hiyo kuliko wengine. Nchini mwetu tuna TZ-CERT, kikosi cha kitaifa cha kukabiliana na matukio ya usalama wa kompyuta kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Hata hivyo, mafundi wa maduka na ofisi ndogo, ambao ndio wanaoshika mashine za wengi, hutegemea zaidi kile wanachopeana wao kwa wao.

Kwa hiyo tunayo hali ya ajabu: wezi wanaandika Kiswahili fasaha, nao walinzi wanaandika Kiingereza. Lugha iliyo karibu na moyo wa mwananchi imeachiwa mwizi.

6.0 Pingamizi

Zipo hoja tatu ambazo tumezisikia kila tulipoyatoa maoni haya, na haifai kuzipuuza.

Hoja ya kwanza husema kwamba lugha za kuandikia programu zimejengwa juu ya Kiingereza, kwa hiyo kuandika madondoo kwa Kiswahili ni kujisumbua. Ni kweli kwamba amri zenyewe hazitabadilika, na hatupendekezi zibadilishwe. Lakini alama za hesabu nazo si za Kiswahili, na bado mwalimu wa shule ya msingi hufafanua hesabu kwa Kiswahili. Amri huambiwa mashine. Sababu, onyo na mipaka huambiwa binadamu. Karani aliyefuta sauti za wavuvi hakushindwa kunakili amri. Alishindwa kwa sababu hakuambiwa amri ile ingefanya nini.

Hoja ya pili ni ya vurugu. Tukiwaachia mafundi, husemwa, kila mtaa utakuwa na istilahi zake. Hoja hii ina ukweli, na mfano wa kodi unaithibitisha. Jibu letu ni kwamba vurugu hiyo ipo tayari, tuitazame au tusiitazame. Usanifishaji haujawahi kuanza mahali pasipo na wingi. Hata Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ilipoanza kazi mwaka 1930, ilikuta lahaja nyingi zinazotumika. Haikubuni lugha kutoka hewani. Kazi ya msanifishaji ni kupembua, na hakuna upembuzi bila nafaka.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi. Dondoo linaloeleza namna ya kuziba mwanya linaeleza pia kwamba mwanya upo. Je, kulieneza kwa Kiswahili hakutawapa silaha walaghai walewale tuliowalalamikia? Aidha, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumiliki au kusambaza bila uhalali programu iliyoundwa kwa lengo la kutendea kosa. Vijana wanaokagua mifumo kwa idhini ya wenye mifumo huuliza, kwa haki, ni wapi mstari unapopita.

Mwandishi si mwanasheria, na hatapima sheria hapa. Lakini sehemu ya utata huo ni ya lugha, na hiyo inatuhusu. Tunalo neno mdukuzi, linalotumiwa kwa mwizi anayevunja mfumo na pia kwa mkaguzi aliyeajiriwa kuujaribu. Vijana wa Kunduchi wanalikataa; wao hujiita wakaguzi. Istilahi isiyowatenganisha mwivi na mlinzi humfanya mlinzi aogope kuandika. Tangu mwaka 2021, marekebisho ya sheria yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama nchini, kwa hiyo tofauti hii sasa si ya darasani peke yake. Iko siku hakimu atahitaji neno hilo, na atatugeukia sisi.

Ama kuhusu hatari ya kueneza, wakaguzi wenyewe wana maadili yanayojulikana: mwenye mfumo huarifiwa kwanza, hupewa muda wa kutia kiraka, na ndipo maelezo hutolewa kwa wengine, bila kutaja siri za wateja. Kuficha moja kwa moja si usalama. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Tunakubali kwamba yapo madondoo ambayo hayastahili kuenezwa kabisa, yaani yale yanayofundisha kuvunja pasipo kufundisha kuziba. Mpaka huo uwekwe na wakaguzi wenyewe, nao waandikiwe kwa lugha wanayofanyia kazi.

7.0 Mapendekezo na hitimisho

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo manne.

Mosi, idara na taasisi za Kiswahili zianzishe ukusanyaji wa madondoo ya kiufundi, kwa idhini ya waandishi wake na kwa kuondoa majina na siri za wateja, ili kupata matini halisi ya lugha ya kazi. Dar es Salaam peke yake, kuanzia Kijitonyama lilipo jengo la Tume ya Sayansi na Teknolojia hadi Tegeta na Mbagala, ina mafundi wa kutosha kuanzia.

Pili, wanafunzi wa uzamili waruhusiwe na wahimizwe kuandika tasnifu juu ya utanzu huu. Tumekwisha kuwa na tasnifu nyingi zinazohesabu mbinu za kuunda istilahi katika kamusi zilezile. Matumizi ya -ki- na -ka- katika maelekezo ya kazi, kwa mfano, hayajapata mtafiti wa kuyashika kwa dhati.

Tatu, kozi zetu za stadi za mawasiliano zifundishe uandishi wa dondoo. Umbo lake si gumu, na limo katika mfano wa Kunduchi: tatizo, mazingira, hatua kwa mfuatano, onyo, ushahidi, tarehe, na mwisho wa ujuzi wa mwandishi. Mwanafunzi wa uhandisi anayeweza kuandika mistari minane ya namna hiyo kwa Kiswahili amejifunza jambo ambalo insha nyingi hazikumfundisha.

Nne, Baraza la Kiswahili la Taifa na wenzake wa Kenya na Zanzibar wawe na njia ya haraka ya kutoa ushauri wa istilahi kwa mafundi, hata kama ushauri huo ni wa muda. Istilahi inayotoka miaka mitatu baada ya kiraka kuwekwa haimsaidii mtu. Katika hili tuige unyenyekevu wa vijana wa mwaka 1969: tutoe pendekezo, tuombe maoni, turekebishe.

Mwandishi anajua kwamba mapendekezo haya yanatutaka sisi wasomi tufanye jambo lisilo la kawaida yetu, yaani kwenda kusoma maandishi ya watu ambao hawakutuandikia sisi. Lakini ndivyo walivyofanya waliotutangulia walipozikusanya hadithi, mashairi na methali vijijini, zikiwa bado hazijahesabiwa kuwa fasihi. Theluthi mbili za sauti za wavuvi wa Kunduchi hazitarudi tena. Zilipotea kwa amri tatu ambazo hazikuambatana hata na neno moja la Kiswahili la kumwambia karani: simama kwanza. Daftari la vijana jirani linalo neno hilo, tena limo katika mstari wa pili. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba neno hilo linamfikia karani wa ofisi inayofuata.